Wazungu wa Upande wa Bibi Harusi

Makapi ya mkonge yakilowa mvua yananuka, mwanangu, acha tu. Yananuka uchachu kama maziwa yaliyosahaulika uvunguni, na sie watoto wa mashambani kule Tanga tulilala na harufu hiyo, tukaamka nayo, tukaivaa na nguo za sikukuu. Hapa Richardson, Texas, mvua inanyesha hainuki kitu, labda lami. Lakini juzi mjukuu wangu Nasra alikuwa jikoni na simu yake, muziki ukavuja kutoka masikioni mwake, na wallahi harufu ile ikanijia puani kama nimesimama mlangoni kwa baba.

Ngoja niwaeleze, msinikimbize. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, meneja wa shamba. Miaka michache baada ya Uhuru Mzungu akafunga mizigo akarudi kwao, akamwachia baba gramafoni ya betri na santuri. Moja tu! Ya vijana wa Kiingereza, magitaa yanakimbizana, mmoja anapuliza kinanda cha mdomo kama treni inapanda mlima, mwimbaji naye sauti imemkauka. Ila utamu haukuwa hapo. Utamu ni kwamba waliirekodi ukumbini, watu wamejaa. Basi wimbo ukiisha unasikia makofi, mbinja, wasichana wanapiga mayowe, ukumbi mzima unachemka. Mie darasa la pili sikulimaliza, na Kiingereza mpaka leo kinanipiga chenga, lakini yale mayowe niliyahifadhi. Nilijua yanapoanzia, yanapopanda, na pale mwanamme mmoja anapopiga kelele peke yake wenzake wameshanyamaza.

Masika ile shangazi yangu Mwanaidi akaolewa. Shangazi alikuwa yatima, hana ndugu wa karibu ila baba, na mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Mwanakombo, alishasema kisimani kila mtu anasikia: "Mwanangu anaoa asiye na watu. Harusi itakuwa kama matanga." Sasa kwetu, upande wa bwana harusi ukija hawafunguliwi mlango hivihivi. Wanasimama uani wanapiga vigelegele, na walio ndani wanajibu. Wanapokezana mpaka upande mmoja uchoke. Ndani pakiwa kimya, bibi harusi hana watu kweli, na neno hilo ataambiwa mpaka azeeke. Sie tulikuwa tunawasubiri jamaa zetu wa Pangani, lori zima la wanawake wenye makoo ya chuma. Mvua ikakata barabara. Lori likakwama huko kwenye matope, na upande wa bwana harusi ukafika.

Ndani tulikuwa mama, majirani wawili, mie, na shangazi kajifunika khanga. Vigelegele vikalia uani, wakajibu hao watatu, sauti kama vifaranga.

"Nyie wa ndani!" akaita Bi Mwanakombo. "Mmefiwa?"

Uani wakaangua kicheko. Nikaona shangazi anazidi kujikunja ndani ya khanga. Mie nikasema, "Mama, kwani wale wa kwenye santuri si watu?"

Mama akanitazama. "Asiye na mwana aeleke jiwe," akasema. "Weka."

Nikaisukuma gramafoni dirishani nyuma ya pazia, nikashusha sindano palepale wimbo wa kwanza unapoishia. Loo! Ukumbi wa Uingereza ukalipuka chumbani mwetu. Mama na wale majirani wakapandisha vigelegele vyao juu ya mayowe ya Wazungu, huwezi kujua kipi cha nani. Halafu nikamsikia Bi Mwanakombo, "Astaghfirullah, kumbe wamejaa!" Wakajibu. Nasi tukajibu. Magitaa yakiingia wa uani wanacheza, makofi yakija wanapiga vigelegele, mpaka santuri ikaisha, sindano ikawa inakwaruza tu, na zamu ilikuwa yetu.

"Geuza!" mama akaninong'oneza. Nitageuza vipi, na zamu yetu inapita? Basi nikafungua mdomo wangu. Kigelegele changu cha kwanza duniani, kirefu, mpaka machozi yakanitoka.

"Tumekoma, wakwe zetu," akasema Bi Mwanakombo nje, sauti imemkauka kama yule mwimbaji. "Tufungulieni."

Akaingia, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Watu wako wapi?"

"Wamerudi kwenye sanduku," mama akamjibu, akamwonyesha gramafoni.

Mwanamke yule alicheka mpaka akakaa chini. Akamfunua shangazi uso, akambusu, akasema, "Mungu aliyekuletea watu kutoka Ulaya hawezi kukuacha mkiwa." Na hakumsema tena, mpaka alipokufa mikononi mwa shangazi huyohuyo.

Sasa huku Texas kila kitu tunacho. Nasra anazo nyimbo za dunia nzima mfukoni, lakini kaziba masikio, anasikiliza peke yake, na harusi zetu tunakodi ukumbi, mlango unafunguka wenyewe. Aliniambia, "Bibi, those songs came from Black people here. The British guys copied them." Akanifasiria: nyimbo zile asili yake ni Weusi wa huku Marekani, wale vijana wa Kiingereza waliziiga tu. Nikamwambia basi zimezunguka Uingereza na Tanga, zimerudi kwao, zitoe masikioni tuzikaribishe. Akacheka, akaweka wimbo uleule wa santuri ya baba kwenye spika.

Wimbo ukaisha, makofi yakaja. Shangazi katangulia, Bi Mwanakombo katangulia, na wale waliokuwa ukumbini sijui wamebaki wangapi. Yule mwanamme akapiga kelele yake peke yake, palepale pake. Nikamjibu kwa kigelegele. Watu wetu wale, hata kama hawajui.