Pango Lililopiga Mluzi

Nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, nilimshuku kila mtu isipokuwa bibi yangu. Ulikuwa mwaka wa 2012. Mafuta yalikuwa yamepatikana Turkana, na Lodwar nzima iliwatazama wageni kwa jicho la pembeni. Gari geni likipita, watu wazima walinong'ona, na sisi watoto tukajifunza kunong'ona pia.

Bibi, ambaye kwa Kiturkana tulimwita Ata, alizaliwa kando ya ziwa, karibu na Eliye. Aliposikia kwamba kanisa letu litatupeleka huko kwa matembezi ya kutafuta hazina, pamoja na watoto wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliniketisha chini.

"Kuna pango kwenye miamba, kaskazini ya chemchemi," alisema. "Juu lina tundu, na tundu hilo hupiga mluzi. Huyo ni ekipe, jini wa majini, anawaita mbuzi wake. Ukimsikia, yuko mbali. Akinyamaza, anarudi nyumbani. Usimngoje mlangoni mwake."

Niliamini kila neno. Siku hizi nimesoma, nina kazi ya ofisini, na bado siwezi kusema kwa uhakika kwamba siamini.

Siku ya safari, Mwalimu Ekai, kijana aliyetufundisha Jumapili, alitugawa wawili wawili: mmoja wa Lodwar, mmoja wa Kakuma. Mimi nikapewa Achol, msichana wa miaka kumi na miwili kutoka Sudan Kusini, aliyenizidi urefu kwa kichwa kizima. Tulipewa karatasi za mafumbo. La kwanza lilitupeleka kwenye miti ya mikoma, la pili kwenye mtumbwi uliopinduliwa mchangani. La tatu lilisema hazina iko katika nyumba isiyojengwa na mtu. Sijamaliza hata kulisoma, Achol alikuwa ameshika njia ya miambani.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Si ni mawe tu iko huku? Kwani wewe huoni?"

Asubuhi, tuliposhuka ufuoni, nilikuwa nimemwona akiongea na Mwalimu kando ya basi. Moyoni nikaamua kwamba ameambiwa jibu. Baadaye nilijua alikuwa akiomba mfuko wa kutapikia, kwa sababu safari ilimchafua tumbo. Lakini wakati ule nilimfuata nikiwa nimeshamhukumu.

Maji kwenye mdomo wa pango yalitufika vifundoni. Ndani kulinuka samaki na kinyesi cha popo, na juu yetu mluzi ulisikika, mwembamba, kama wa mchungaji aliye mbali. Nyuma kabisa, juu ya mwamba ulioinuka, palikuwa na sanduku la bati lililofungwa utepe mwekundu. Mwalimu alikuwa ametutangulia na kuliweka pale alfajiri, maji yakiwa yametulia. Alikuwa mtu wa Lokichar, mbali na maji, hakulijua ziwa. Achol alilifikia kwanza, akalikumbatia.

Ndipo mluzi ukakatika.

"Achol, tutoke. Sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Bibi yangu alisema pango likinyamaza, kuna kitu kinakuja."

Alilikaza sanduku kifuani. "Unataka niogope, niache hii kitu, ndio wewe uchukue."

"Njoo nayo, basi!"

"Huko nje iko rafiki zako. Watanipokonya. Nangoja Mwalimu aje aone ni mimi nimepata."

Rafiki zangu wangempokonya kweli. Nikatoka peke yangu. Nilipofika mdomoni, maji yalikuwa magotini, halafu wimbi moja likanipiga kifuani. Upepo ulikuwa umeamka. Nilijivuta juu ya miamba na kumwona Mwalimu Ekai akija mbio.

"Nakiru! Mwenzako yuko wapi?"

Nikasema, "Sijui."

Sikutaka afe, naapa. Nilitaka tu asikutwe na lile sanduku mikononi. Mwalimu akageuka kutazama ufuoni, mgongo wake kwangu, nami nikasimama kimya, maji yakipanda. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Wimbi lililofuata lilipoziba mdomo wa pango kabisa, sauti yangu ikatoka yenyewe.

"Yumo ndani! Mwalimu, yumo ndani!"

Aliingia na nguo zake zote. Wavuvi wawili waliokuwa karibu wakamfuata na kamba. Walimtoa Achol akikohoa maji, ngozi ya kiwiko imechunika. Sanduku lilikwenda na ziwa.

Leo najua kwamba ziwa letu halijai na kupwa kama bahari. Upepo ndio husukuma maji hadi kwenye miamba, na maji yakianza tu kupanda mdomoni, hewa haipiti tena tunduni kwa nguvu ya kupiga mluzi. Ata hakujua maelezo hayo. Alijua tu wakati wa kutoka.

Wiki mbili baadaye mama yake Achol alikuja kwetu Lodwar, pamoja na binti yake, kunishukuru. Alileta shuka nyeupe aliyoitarizi maua kwa mkono. "Achol ameniambia wewe ulimwambia atoke, yeye akakataa kusikia," alisema. "Na ni wewe ulimwita Mwalimu." Ata alinipapasa kichwa mbele ya majirani. Nami nikaipokea shuka.

Walipokuwa wanaondoka, Achol alibaki nyuma kidogo, tukawa wawili tu langoni.

"Kule ndani sauti inaingia vizuri," alisema polepole. "Nilikusikia mara ya kwanza, ukisema hujui. Na mara ya pili pia."

Akamfuata mama yake.

Kwa miaka mingi nilidhani ameiweka siri hiyo ili siku moja aitumie dhidi yangu. Nilipopita Kakuma nilikwepa mtaa wao. Familia yao ikarudi Sudan Kusini, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuniuliza lolote. Imenichukua nusu ya umri wangu kukubali kwamba Achol alikuwa amenisamehe kabla hata ya kufika langoni kwetu, na kwamba hata msamaha huo niliushuku.