Bastola ya "kike" ni ipi? Yaliyotukuta mimi na kaka yangu Queensbury

Heshima yenu wakuu, na akina dada mnaosoma huko nyuma bila kuchangia.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mashahidi wapo wawili, wote hai, ingawa mmoja atakataa sehemu ya matokeo.

Naishi Harrow, London, nina meza sokoni, nauza vitenge na mikoba. Mwaka huu naifunga hiyo meza, narudi Kahama kushika duka la vifaa vya ujenzi aliloacha mama.

Duka lina wateja. Tatizo ni saa ya kufunga. Jirani yetu alishavamiwa akiwa anatoka na mauzo mkononi. Familia ikakubaliana kwamba atakayeshika duka awe na bastola yenye kibali, na maombi yangu polisi yameshaanza.

Shida ikawa kaka yangu Zuberi.

Kaka ni mtu mzuri, ila kila kitu anakipima kwa ukubwa. Alikuja London kwenye mahafali ya mwanawe, akafikia kwangu. Hata begi hajafungua, akanionyesha kwenye simu picha za bastola mbili. Moja dude jeusi, ya kazi. Nyingine kadude ka mpini wa pinki, ya kike.

Akasema nichague. Kubwa nikiiweza, duka nishike mwenyewe. Nikiona nzito nichukue ya pinki, ila dukani atakaa kijana wake mmoja wa kazi, mimi niwe napita kuangalia hesabu.

Wakuu, nimeuza vitu maisha yangu yote. Mtu akikuletea machaguo mawili tu, ujue kuna la tatu analolitaka yeye.

Sikubishana. Nilimwambia tu, "Kaka, mimi hata kiatu sinunui bila kukivaa."

Sasa tatizo la pili: London. Huku raia wa kawaida bastola ya kweli anaiona kwenye TV. Hata ile dawa ya kupuliza machoni, ukikutwa nayo ni kesi. Dada zangu mlioko huku, msije mkaagiza mtandaoni halafu mkasema mmesoma kwenye uzi wangu.

Kilichopo ni klabu za kulenga shabaha kwa air pistol, zile za upepo. Baadhi zina umbo na uzito unaokaribia kabisa bastola halisi.

Mteja wangu mmoja, Mama Jaya, ni mwanachama wa klabu kama hiyo Queensbury, na ndiye anayefundisha wageni. Ni Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Aliondoka msichana, lakini Kiswahili chake hakikupanda ndege, kilibaki kule kule.

Akakubali kutuingiza kama wageni, mradi nimpunguzie bei ya vitenge vya mapazia. Tulivutana mpaka tukakutana katikati, kila mmoja akiamini amempiga mwenzake.

Jumamosi tukaenda. Ukumbi wa kawaida tu, wazee wa Kiingereza wamekaa kimya na chai zao kama wako kwenye msiba wa mtu wasiyemjua vizuri. Kaka akaingia na suti ya mahafali.

Mama Jaya alianza na kiganja changu. Akakigeuza, akakipima na chake, ndipo akanipa ya upepo yenye umbo la ile kubwa ya kaka.

Nikaishika. Uzito haukunisumbua, mimi nabeba majora ya vitenge. Ila kidole hakikufika kwenye triga mpaka nizungushe mpini kiganjani, na nikizungusha tu, mtutu unahama.

Kaka akatabasamu.

Ikaja ndogo. Vidole viwili vikabaki vinaning'inia hewani. Na kuikoki, yaani kuvuta ile sehemu ya juu, nilihangaika, kwa sababu ni fupi, haina pa kushika.

Halafu Mama Jaya akatuambia jambo ambalo sikulijua. Bastola ndogo nyepesi, ikiwa na risasi za kweli, ndiyo inayokurusha mkono zaidi. Uzito unasaidia kuumeza ule msukumo. Akasema za upepo hazitanionyesha hilo sawasawa, nikifika nyumbani nijaribu za kweli na mwalimu kabla sijalipa.

Akamgeukia kaka. "Nani alisema hii ndogo ya wanawake?"

Kaka akasema ndivyo watu wanavyosema.

"Watu gani? Wanaume?"

Bei ikianza kushuka yenyewe, usifungue mdomo.

Ya tatu ilikuwa ya katikati, na mpini wake una vipande vya nyuma vya kubadilisha. Tukajaribu kipande kidogo. Mkono ukatulia kama umerudi nyumbani.

Nikapiga tano. Nikahesabu matundu mara mbili, kama kawaida yangu. Matano, na ungeyafunika yote kwa kisahani.

Kaka akavua koti. Akachukua lile dude, akasimama kama yuko gwaride, akapiga tano. Mama Jaya akaivuta karatasi, akavaa miwani.

Matundu mawili, tena pembeni kabisa.

"Nyingine zimepita tundu moja," kaka akasema.

Mama Jaya akamwambia, "Basi hilo tundu linakupenda sana, bwana."

Mzee mmoja wa Kiingereza, asiyejua neno la Kiswahili, akapaliwa na chai.

Nikampa kaka ile yangu. Akakataa, akaangalia saa, akaichukua. Zote tano zikaingia ndani ya duara. Akakaa anaitazama ile karatasi muda mrefu, halafu akaikunja akaiweka mfukoni.

Tukaenda kula Edgware Road. Sikutaja duka. Katikati ya chakula akapiga simu Kahama, akaweka spika makusudi nisikie.

"Kijana wangu, ile kazi ya dukani haipo tena. Dada yangu anakuja kushika mwenyewe."

Akakata, akaendelea kula kama mtu aliyeuliza hali ya hewa. Mimi machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili. Furaha niliyokuwa nayo, wakuu, ningeweza kuuza mikoba yote kwa bei ya kununulia. Nikajizuia.

Nilichoondoka nacho: usikubali mtu akuchagulie kwa rangi wala kwa ukubwa. Angalia kama kidole kinafika, kama vidole vyote vimepata pa kushika, na kama unaweza kukoki bila kuomba msaada. Kibali na mazoezi ndiyo mwanzo wa yote. Na bado nitafunga duka mapema, nisitoke peke yangu na mauzo, maana siku nzuri kwangu ni ile ambayo bastola haikutoka kwenye ala.

Akina dada mnaomiliki kihalali huko nyumbani, mkiwa dukani mnaibeba mwilini au mna sefu? Na upande wa Kahama au Shinyanga, kuna mwalimu mnayemwamini? Kaka zetu nanyi karibuni, ilimradi mseme mliyoyajaribu kwa mikono yenu.