Filamu Aliyoisimulia Mama

Mama alipokuja kututembelea Texas mwaka 2018, mimi nilikuwa mwanachama wa klabu ya sinema kwa zaidi ya mwaka mmoja, na katika muda wote huo sikuwahi kusema lolote la maana mbele ya wenzangu. Aliyenipeleka huko ni mfanyakazi mwenzangu katika ofisi ya mizigo ya ndege nilikokuwa nikiandaa nyaraka za forodha. Yeye akahamia mji mwingine, mimi nikabaki. Klabu ilikutana kila Jumapili mchana huko Irving, katika chumba cha nyuma cha jengo lililokuwa duka la fanicha. Kulikuwa na viti vya kukunja, pazia jeupe ukutani, birika kubwa la kahawa, na projekta iliyonguruma kama friji bovu.

Filamu mpya hazikuonyeshwa pale. Zilikuwa za zamani au za mbali: za Italia, za Japani, za Senegali, nyingi zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Filamu ikiisha taa ziliwashwa, watu wakageuza viti kuwa duara wakaanza kubishana. Mmoja alisema mwisho ule umeharibu kila kitu, mwingine akaapa kwamba bila mwisho ule hakuna filamu. Wengi wao walikuwa wastaafu, Wamarekani wa hukohuko, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mrefu sana aliyewahi kuwa mkutubi. Alikuwa na desturi ya kumgeukia kila mtu na kumuuliza, "Wewe umeionaje?" Zamu yangu ikifika nilijibu, "Nzuri," nikaenda kutafuta koti langu. Kiingereza cha ofisini nilikuwa nacho. Cha kueleza kwa nini mtu amelia sikuwa nacho, au niliamini hivyo.

Mama alitoka Tanga kuja kukaa nasi miezi kadhaa. Tuliishi Euless, kwenye apatimenti ambayo ndege zilipita juu yake kwa karibu kiasi cha kuona magurudumu. Mume wangu ni muuguzi, zamu zake hazitabiriki, na mimi nilitoka asubuhi nikarudi jioni. Wiki ya kwanza mama alipika, akafua, akapanga makabati upya. Wiki ya pili nilimkuta amekaa dirishani na kanga yake mabegani, anatazama maegesho ya magari.

"Mama, vipi?"

"Salama tu. Nahesabu watu wanaotembea kwa miguu."

"Umepata wangapi?"

"Sijapata." Akanigeukia. "Mwanangu, hapa mmenifunga jela yenye zulia."

Jumapili iliyofuata nikaenda naye Irving, maana sikuwa na pengine pa kumpeleka.

Siku hiyo ilionyeshwa filamu ya Kifaransa, nyeusi na nyeupe, kuhusu mjane wa kijijini anayepeleka ng'ombe wake sokoni. Nilikaa karibu na mama nikawa namnong'oneza maandishi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipotokea mfanyabiashara mmoja mwenye sharubu, akaanza kumzungukazunguka yule ng'ombe. Mama akasahau alipo.

"Usimwuzie huyo!" akapaza sauti. "We mama, mwizi huyo! Ondoka!"

Vichwa vyote viligeuka. Nilimshika mkono. "Mama, hapa watu hawasemi."

"Wamekaa kimya hivi kama msibani. Sasa nani atamwambia?"

Taa zilipowashwa, mwenyekiti alimjia mama moja kwa moja. Nilijiandaa kuomba radhi. Kumbe alitaka kujua mama alisema nini pale sokoni. Nikatafsiri, watu wakaangua kicheko, kwa sababu yule mwenye sharubu aliishia kumuoa mjane na kumrudishia ng'ombe wake. Mwenyekiti akamuuliza mama kama sasa amebadili mawazo.

Mama akafikiri. "Mwambie wezi nao huoa."

Baada ya hapo wakaanza kumwita Mama, wote, wakiwemo waliomzidi umri.

Hata hivyo si kila mtu alifurahi. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, aliyevaa vifaa vya kusaidia kusikia katika masikio yote mawili. Baada ya Jumapili chache alinisubiri nje, kwenye magari. Alizungumza kwa upole, kofia mkononi.

"Sitaki kumuudhi mama yako," aliniambia. "Lakini hivi vifaa vyangu hudaka minong'ono kuliko vinavyodaka sauti za waigizaji. Nasikia kila neno mnalosema, na sielewi hata moja."

Alikuwa na haki. Njiani kurudi Euless nilimweleza mama, nikizungusha maneno nisimuumize. Nilidhani atasema basi, hatakwenda tena.

"Sasa tatizo liko wapi?" alisema. "Usininong'oneze. Kwani Tanga nani alikuwa ananitafsiria Kihindi?"

"Kihindi gani, mama?"

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikuwahi kuambiwa utotoni. Alipokuwa msichana, shangazi yake alikuwa akimchukua kwenda sinema siku ya wanawake, siku ambayo wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Walikwenda na karanga, na kashata, na watoto wa kunyonya, wakajaza ukumbi mzima. Filamu zilikuwa za Kihindi, saa tatu nzima, wala hakukuwa na maandishi ambayo yeye angeweza kuyasoma. Walilia pamoja, wakamzomea adui pamoja, wakarudi nyumbani wanaimba nyimbo ambazo maneno yake hawakuyajua. Nilimtazama mama yangu, aliyenilea kwa sala na daftari la shule, nikashindwa kumuweka katika ukumbi ule.

"Mbona hukuwahi kunisimulia?"

"Hukuwahi kunipeleka sinema."

Tangu hapo alitazama bila msaada wangu, kimya, isipokuwa msonyo wa hapa na pale. Raha yetu ikahamia ndani ya gari. Yeye alinisimulia filamu jinsi alivyoielewa, mimi nikamweleza maandishi yalisema nini, na mara nyingi zilikuwa hadithi mbili tofauti kabisa. Mara nyingine niliipenda ya kwake zaidi. Mzee fundi naye akawa anamwachia kiti cha pembeni, karibu na njia, ili aweze kunyoosha goti lake.

Kisha ikaja Jumapili ya filamu ya Kihindi.

Mwenyekiti alikuwa ameisifia kwa wiki kadhaa. Watu walijaa kuliko kawaida, wengine wakisimama nyuma. Diski ikawekwa, muziki ukaanza, wakatokea watu wawili wakizungumza kwa uchungu wakiwa juu ya paa la nyumba, na chini hakukuwa na maandishi. Mwenyekiti akabonyeza rimoti. Akabonyeza tena. Akaitoa diski, akaifuta kwa sketi yake, akairudisha. Hakuna kitu. Uso wake ulikuwa mwekundu aliposimama mbele yetu na kusema ameagiza diski isiyo sahihi, anasikitika, labda tunywe kahawa tu.

Mama alikuwa ameinuka nusu kitini, anatazama sura ya mwigizaji iliyoganda pale kwenye pazia.

"Huyu!" akasema. "Huyu namjua! Filamu hii niliiona Tanga, si mara moja. Mwambie yule mrefu asizime. Nitawasimulia."

"Mama, una hakika?"

"Nilikaukiwa na sauti kwa kuililia hii. Mwambie."

Nikamwambia. Basi tukajikuta mbele, pembeni ya pazia, mama na kanga yake kichwani, mimi na maikrofoni ndogo iliyokuwa ikitumika kwenye mijadala. Yeye angesema kwa Kiswahili, mimi ningesema kwa Kiingereza. Mzee fundi akanyanyua kiti chake akakileta mpaka mstari wa mbele. "Leo ongeeni kwa nguvu," akatuambia.

Mama alianza kama mtu anayesimulia habari za majirani. Huyu kijana ni fukara lakini ana adabu. Huyu dada amelelewa na mjomba mkali, huyo mwenye nguo nyeupe. Wanapendana, ila mjomba ana mtu wake. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi, na watu waliitikia kwa vichwa, maana kila alichosema kilionekana palepale mbele ya macho yao. Aliwaonya kwamba muda si mrefu kijana atapanda treni na treni itapata ajali, naye atapoteza macho. Ukumbi ulitulia ukisubiri treni.

Treni haikuja. Kijana alifungua duka la ngoma. Akaimba. Akaimba tena. Nilimtazama mama, nikaona amekunja uso.

Alininong'oneza sikioni, mbali na maikrofoni. "Mwanangu, hii siyo ile."

"Siyo ile vipi?"

"Mwigizaji ndiye huyuhuyu. Filamu ni nyingine. Ile ilikuwa na treni."

Nilifunika maikrofoni kwa kiganja. Watu wote walikuwa wametuelekezea nyuso, wanangoja. "Tuwaambie?"

"Tuwaambie nini, na wamekaa vizuri hivi? Mtazame huyo dada anavyomkwepa mjomba wake. Huoni ana siri? Sema ana siri."

Nikasema ana siri.

Kuanzia hapo tulikwenda kwa nyuso tu, kama watu wanaovuka barabara wameshikana mikono. Mama alisoma macho na mabega ya wale waigizaji, mimi nikayatia maneno. Mwanzoni niliomba yeye aendelee mbele na mimi nifuate. Baadaye alikohoa, akanywa maji, na pazia halikumngoja. Kijana alikuwa amesimama mvua ikimnyeshea nje ya dirisha la yule dada, na nikajisikia nasema kwa Kiingereza kwamba hakuja kuomba kuingia, amekuja ili dada ajue kuna mtu nje. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mama hakuwa amesema hivyo. Alishusha bilauri, akanitazama, akanipungia mkono niendelee.

Kila ulipokuja wimbo tulinyamaza. Mama aliufuata kwa kuimbia puani, japo ulikuwa wimbo asioujua, na mistari ya mbele ikaimbia puani naye.

Mwisho kijana na dada walikutana ukingoni mwa mto, mwenye nguo nyeupe akawaunganisha mikono, na mama akajifuta macho kwa pindo la kanga. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mwenyekiti alimkumbatia, ikabidi ainame sana.

Hapo ndipo alipotufuata dada mmoja kutoka nyuma. Alikuwa mwanachama aliyekuja kwa nadra, mhandisi wa kompyuta, mwenyeji wa Hyderabad, na yeye pia alikuwa anafuta macho, lakini ya kicheko.

"Mimi Kihindi nakisikia vizuri," akasema.

Nikaizima maikrofoni.

"Yule mliyemwita mjomba ni baba wa yule dada. Na dada mwenyewe si mchumba. Ni mke wa yule kijana tangu mwanzo, ila mume aliumwa homa, akamsahau. Ndiyo maana anamfungulia duka lile, ili ngoma zimkumbushe."

"Mbona hukusimama ukatuambia?"

"Nilitaka kujua ya kwenu itaishaje."

Nikamfasiria mama. Akasema, "Muulize, na ya kweli imeishaje?"

"Hivyohivyo," dada akajibu. "Wanarudiana."

"Basi," mama akasema. Halafu akaniambia niwaeleze watu wote, kwa sababu hakutaka kurudi Tanga na uongo wa Irving kichwani.

Nilieleza. Nilisubiri wakasirike. Badala yake viti vilikwenda duara haraka kuliko siku zote, dada wa Hyderabad akasimulia filamu ya kweli, na mabishano yakawaka. Mzee fundi alishikilia kwamba mjomba anafaa zaidi kuliko baba. Mwingine akauliza yale maneno ya mvuani yalikuwa ya nani, ya filamu au yetu. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza kama kawaida nimeionaje. Nilisema naona mke yule ana subira inayonitisha, kwamba mimi nisingeweza kusimama mbele ya mume asiyenikumbuka na kumchagulia ngoma. Kisha nikaeleza kwa nini. Niliongea mpaka mama akaanza kupiga miayo.

Aliondoka vuli ilipoanza. Wanachama walikuwa wamemfundisha kunywa kahawa isiyo na tangawizi, naye aliwaachia kichupa cha tangawizi ya unga karibu na birika, na bado waliitumia miezi mingi baadaye. Mimi niliingizwa katika kamati ya kuchagua filamu, pamoja na dada wa Hyderabad. Tulikutana nyumbani kwake Irving, na watoto wake walikuwa wakituuliza kwa Kiingereza kwa nini filamu zetu hazina rangi.

Mwaka 2020 ukumbi ulifungwa kwa sababu ya korona. Kwa miezi tulikutana kwenye kompyuta, kila mtu katika kijisanduku chake, na aliyefaidi zaidi ni mzee fundi, ambaye sasa alipandisha sauti kadiri alivyotaka. Joto lilipopungua kidogo, mwenyekiti alitandika shuka kubwa kwenye ukuta wa nje wa jengo, akatuambia tuje na magari, vioo wazi.

Mume wangu alikuwa hajawahi kuja hata mara moja. Miezi ile hospitali ilikuwa imemchosha, na jioni hiyo nilimbembeleza tu aje apate hewa. Nilikuwa nimekaanga mihogo. Alirudisha kiti nyuma, akavua viatu, akaweka bakuli kwenye mapaja. Filamu ilikuwa ya Kireno, ya polepole, juu ya mtunza bustani. Nilingoja asinzie. Katikati alipunguza kutafuna. Karibu na mwisho aliacha kabisa, akabaki na kipande cha muhogo mkononi.

"Hivi Jumapili ijayo mtaonyesha filamu ipi?" akaniuliza.

Nikamwambia bado tunachagua.