Kawaida ya Mama Pasi

Kwenye duka la dobi lililotazamana na hospitali kuu walimwita Mama Pasi, na hakuwa na mtoto anayeitwa Pasi wala mtoto mwingine yeyote. Wenzake ndio waliomtunuku jina. Walisema mwanamke mzima haitwi hivi hivi tu, na kwa kuwa alishinda na pasi mkononi kutwa, basi hiyo ndiyo kifungua mimba wake. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha meno tu.

Kazi aliijua. Makoti meupe ya hospitali yalikuja yamekunjamana, akaanza na kola, akaja mikono, akamalizia mgongo, na koti likatundikwa limenyooka. Siku zake za mwezi zilipofika hakuomba ruhusa. Alichukua kipande cha taulo kuukuu, akakipiga pasi mpaka kikapata moto, akakisokomeza ndani ya blauzi, tumboni, akaegemea meza huku jasho jembamba likimtoka. Kikipoa, anakipasha tena. Aliyemwuliza ana nini alipata jibu lile lile: tumbo tu, la kawaida. Ungedhani anazungumzia mafua.

Neno hilo alifundishwa. Alipovunja ungo aligaagaa sakafuni, na mama yake akamwambia ajikaze, sote tulipita hapo. Shuleni mwalimu alisema anakwepa hesabu. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia akizaa litakwisha. Akaolewa, na kuzaa kwenyewe hakukuja. Kitandani aliumia. Mumewe mwanzoni alimhurumia, halafu akachoka, halafu akaamini kwamba anakwepwa. Hakumpiga wala kumtukana. Alikunja nguo zake asubuhi moja, akaaga kama mtu anayekwenda kazini, na sasa ana watoto kwa mwanamke mwingine. Mtu wa namna hiyo siwezi hata kumkasirikia vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Akabaki na chumba kimoja, kikombe kimoja, na redio aliyoiacha ikiongea ili nyumba iwe na sauti. Kila mwezi alifunga mlango kwa komeo. Majirani walisema anajisikia, hataki watu. Angewaambia nini? Alitamani mtu wa kukaa naye tu pembeni ya kitanda, asiseme neno, na mtu huyo hakuwepo.

Ndipo muuguzi mmoja alipokuja kuchukua makoti, akawaambia wanawake wa dukani kwamba hospitali ina utafiti. Wanatafuta wanawake wanaoteswa na maumivu ya hedhi. Watakaokubaliwa watachunguzwa kwa kamera ndogo inayopita kitovuni, watatibiwa bure, na vipande vitakavyotolewa vitapelekwa maabara kutafuta chanzo cha ugonjwa. Usajili ulikuwa unafungwa wiki ile. Wenzake waliendelea kukunja mashuka. Mama Pasi aliiweka pasi chini, maana hakujua kama duniani kuna watu wanaoamka asubuhi kwenda kulitafiti tumbo la mwezi.

Siku ya mwisho ya usajili aliomba ruhusa, akavuka barabara. Chumba kilikuwa na viti vya plastiki na feni inayolia. Muuguzi yule yule alimkaribisha, akamwuliza umri, akamwuliza habari za uzazi, kisha akauliza, "Maumivu yako ya hedhi ni ya kawaida, au si ya kawaida?"

Ulimi ukamtangulia. "Ya kawaida."

Muuguzi akamshukuru kwa adabu, akamwambia wao wanawatafuta wale wengine. Mama Pasi akasimama, akashika njia.

Swali lile mpaka leo linanipandisha mori. Ni sawa na kumwuliza mtu aliyekulia jikoni kama nguo zake zinanuka moshi. Atajuaje? Alijikaza kisabuni tangu utotoni, na leo anaulizwa kama povu ni la kawaida.

Alifika getini, na pale getini tumbo lilianza. Alishika chuma cha geti mpaka wimbi la kwanza likapita. Mbele yake palikuwa na duka, meza na pasi, na mlango wenye komeo. Akageuka.

Muuguzi alikuwa anakusanya vitu vyake. Mama Pasi alimwambia amekuja kujibu upya. Yule akamweleza kwa upole kwamba hawawezi kubadilisha jibu la mtu kwa sababu tu amerudi, wengi wanapenda matibabu ya bure. Mama Pasi akapandisha blauzi. Ngozi ya tumbo ilikuwa na mabaka ya kahawia yaliyosukana kama wavu, kovu juu ya kovu, ya moto wa miaka yote.

"Hii ndiyo kawaida yangu," alisema.

Muuguzi aliweka kalamu chini. Akavuta kiti. "Kaa, dada. Hebu niambie, ukiumwa huwa unafanya nini?" Usajili ukaongezwa muda, na nasikia waliofuata wote waliulizwa hivyo, na viti vya plastiki havikutosha.

Baada ya upasuaji daktari alikuja kitandani na picha. Alimwonyesha madoa meusi, na mahali ambapo utumbo ulikuwa umegandana na kizazi. Alitaja jina la ugonjwa, endometriosisi, akaeleza kwamba nyama inayofanana na utando wa ndani ya kizazi huota nje yake na kuvuja damu huko. Chanzo bado hawakijui. Wengine husema damu ya mwezi hurudi nyuma, lakini hurudi kwa wanawake wengi ambao hawaugui kabisa. Walichoweza kukiondoa wamekiondoa, na kinaweza kurudi. Kuhusu mtoto hakumwahidi kitu.

"Kwa hiyo sikuwa nadeka?" Mama Pasi aliuliza.

"Hukuwa unadeka."

Akageukia ukutani, akalia. Daktari alisubiri. Kisha akamwambia ugonjwa huu mara nyingi hutembea ndani ya ukoo, akauliza kama kwao kuna mwingine. Mama Pasi akajibu hakuna, ni yeye peke yake. Mama yake, marehemu sasa, alikuwa mzima kabisa.

"Na hicho kitambaa cha moto, nani alikufundisha?"

"Mama ndiye..."

Akaiona nyumba yao, na pasi ya mkaa ya mama yake. Mama alipiga pasi hata siku ambazo nguo zote zilikuwa zimekwisha kunyooshwa. Alijifungia chumbani na pasi yake mchana mzima, na yeye, mtoto, alikaa nje ya mlango amenuna, kwa kuwa mama hataki kumfungulia. Sote tulipita hapo, mama alisema. Yeye alisikia karipio.

"Mwandike na mama," alisema.

Daktari akamweleza taratibu kwamba marehemu hawezi kupimwa.

"Najua. Mwandike tu. Alikuwa ndani, na mimi nilikuwa hapo mlangoni."