Peni Iliyohamisha Boma

Jamani, mimi niliwahi kuhamisha boma zima kwa peni ya biki.

Sitanii. Jana yake nimewaacha watu wanakamua ng'ombe na watoto wanakimbizana. Asubuhi narudi, nakuta majivu, miiba ya zizi na mbwa mmoja anatushangaa.

Dereva wangu, Dunstan, akazima Landrova, akanigeukia.

"Nesi Mwatumu, jana uliwaambia nini hawa watu?"

"Nimeuliza swali la kawaida tu!"

Ngoja niwape mkanda mzima.

Mimi ni Msambaa wa Magoma, Korogwe. Nesi mstaafu. Mwaka 1993, enzi za ruksa, mitumba imefurika minadani na watu wanavaa majaketi ya Ulaya kwenye jua la Handeni, nilipangiwa kliniki ya mkoba. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata wafugaji wa Kimaasai waliohamia na mifugo yao kutoka mbali. Wenyeji waliwaita wakuja, na zahanati walikuwa hawakanyagi.

Wiki hiyo surua ilikuwa imeshaingia Kabuku, si mbali na pale. Kwenye boma la mzee Kakuta hakukuwa na mtoto aliyechanjwa, hata mmoja. Surua ikifika pale, tungezika.

Siku ya kwanza nikashuka na daftari langu na kiherehere changu. Nikamuuliza mzee Kakuta, "Mna watoto wangapi?"

Akakohoa. Akasema ng'ombe wamenenepa mwaka huu.

Nikaona ananizungusha. Basi nikaanza mwenyewe, nawanyooshea watoto peni mmoja mmoja, tena kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Akina mama wakaanza kuwavuta watoto ndani. Mimi nikajua wanaogopa sindano! Nikaaga, nikasema kesho naja na chanjo.

Kumbe nimeshaharibu.

Kwao mtoto hahesabiwi. Ukimnyooshea kitu na kumpa namba, umeliita balaa lije lipunguze hesabu. Dunstan ndiye aliyenieleza, pale pale kwenye majivu.

"Sasa mbona jana hukuniambia?"

"Jana nilikuwa natafuta kivuli cha kuegesha gari."

Nilitamani kumtupia daftari. Barafu kwenye boksi la chanjo ilikuwa ya siku hiyo tu, na chanjo ikipata joto unachoma maji.

"Usilie, nesi," akasema. "Mtu akihama na ng'ombe lazima apite kwenye maji. Twende lamboni."

Saa nne tukawakuta. Mzee Kakuta alivyoniona akanipa mgongo. Wanawake wakakusanya watoto nyuma ya punda. Aliyenifuata ni mmoja tu, mama yake Kakuta, bibi Siamanta, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Koko," nikamwamkia. Koko ndiyo bibi kwa Kimaasai, na ndilo neno pekee nililokuwa nalijua.

"Marahaba. Umerudi kumalizia?"

"Koko, nisamehe. Sikujua."

Akanikazia macho. "Wewe ukiulizwa una watoto wangapi, unajisikiaje?"

Hapo alinigusa pabaya. Nilikuwa na miaka arobaini. Ndoa yangu ilivunjika kwa sababu hiyo hiyo. Kila harusi, kila msiba kule Magoma, swali ni hilo, na kila nikiulizwa nilikimbilia kuosha vyombo hata kama ni visafi.

"Linaniuma, Koko," nikasema. "Sina hata mmoja."

Hakunipa pole. Alishusha fimbo yake chini.

"Basi unajua," akasema.

Nikamwaga yote. Kwamba surua iko Kabuku. Kwamba barafu inayeyuka. Kwamba nikirudi ofisini bila idadi, safari ijayo hawanipi chanjo za kutosha.

Siamanta akakaa chini. Akavua mkufu wa shanga shingoni mwake, akakata uzi kwa meno, akawaita wakwe zake akawagawia shanga viganjani.

"Ukimchoma mtoto, mama yake atatia shanga kwenye kikopo chako. Wewe kahesabu shanga zako huko mbali. Watoto waache."

"Na mzee Kakuta je?"

"Kakuta nimemzaa mimi."

Kesi ikaisha.

Ile siku nilichoma mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Watoto wanalia, mama zao wanawacheka, shanga zinagonga kikopo, ti, ti, ti. Dunstan alijitolea kushika miguu ya watoto, akala teke la mdomo. Nilifurahi, nisiwafiche.

Jioni ofisini bosi akauliza, "Idadi iko wapi?"

Nikamwaga shanga mezani kwake.

Masikini, alidhani jua la Handeni limenipanda kichwani. Tukazihesabu wote, akaandika mwenyewe.

Surua ilizunguka vijiji vya jirani karibu miezi miwili. Kwenye boma la Kakuta haikumpata mtoto hata mmoja.

Basi huo ndio ukawa mtindo wangu, miaka ishirini, boma kwa boma, kila mama na shanga zake. Ripoti ikiisha napeleka shanga zote kwa Siamanta. Nilijua anazivaa tu.

Mwaka 2013 nikastaafu. Ndugu wakanifanyia kasherehe nyumbani kwangu Kilole. Walikodi MC machachari, suti inang'aa kuliko mimi mwenye shughuli. Katikati ya pilau akaninyooshea maiki.

"Bibi nesi, hebu tuambie wageni waalikwa, una watoto wangapi?"

Shemeji yangu akaangalia sahani. Mimi nikaangalia vyombo vilivyotumika viko wapi.

Mara Fuso ikapiga honi getini.

Wakaanza kushuka. Rubega nyekundu, rubega za bluu, uani pakajaa. Mbele kabisa Siamanta, mgongo umepinda, kashikwa mkono na Kakuta mwenye mvi. Nyuma yao vijana na mabinti, wengine na watoto mgongoni.

Wakaja mmoja mmoja, wakainamisha vichwa mbele yangu. Kwao ndivyo mtoto anavyomwamkia mzazi, na mzazi anamgusa utosini. Nikagusa. Nikagusa. Mkono ukachoka, na bado wanakuja.

MC naye, kwa ushamba wake, akaanza kwenye maiki, "Moja, mbili, tatu..."

"Nyamaza!" Siamanta akamnyooshea fimbo. Maiki ilimdondoka.

Kisha yule bibi akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na mkufu mpana, duara juu ya duara. Shanga zangu. Zile zote nilizompelekea, miaka ishirini, hakuwahi kuvaa hata moja. Akanivika mwenyewe.

Nikaona nyuma uzi umeachwa unaning'inia. "Koko, mbona hujaufunga?"

"Nitaufungaje? Bado wanazaa."

Nililia mbele za watu, sioni aibu kusema.

Wadau, nilichojifunza ni hiki. Ukiingia kwa watu usitangulize daftari. Tafuta kwanza kinachowauma, na ukikosea omba msamaha kabla barafu haijayeyuka.

Siku hizi jirani mgeni akiniuliza nina watoto wangapi, sikimbilii vyombo tena.

Namwambia, kwetu watoto hawahesabiwi.