Baba Hakucheka

Mzee wa kanisa letu pale Elburgon alikuwa na swali moja kwa watu wote. Mlevi, mjane, mtoto wa shule, kila mtu aliulizwa vile vile, Biblia ikiwa kwapani: "Ukifa leo, utaamkia wapi?" Ukijibu vibaya, anakukemea. Ukinyamaza, anakukemea zaidi.

Baba yangu alisimamia msumeno kwenye kiwanda cha mbao miaka mingi mpaka masikio yakaisha. Watu wa msumeno huongea kwa mikono, na mikono ya baba ilikuwa na maneno mengi kuliko midomo ya watu. Wiki moja baada ya kumzika mama, mzee akaja na kikundi chake cha kushuhudia nyumba kwa nyumba. Nikamkimbilia langoni.

"Mzee, baba hasikii. Mimi nitamwambia kwa mikono. Ama keti naye tu, unywe chai, atafurahi."

"Neno la Mungu halichezwi kwa vidole, msichana."

Akaingia, akainama, akampigia baba lile swali sikioni. Na udongo wa kaburi la mama bado mbichi! Baba aliona midomo ikienda, akadhani anapewa pole. Akatabasamu, akamsukumia kikombe cha chai.

Jumapili mzee akasimama mbele ya kanisa, akasema, "Tulimuuliza. Alicheka."

Baba alipokufa mwaka uliofuata, kanisa lilikataa kumzika. Ati alilicheka Neno. Tulimwombea sisi wenyewe, mimi na shangazi zangu wawili, na wenzake wa msumeno wakamuaga kwa mikono. Nilimchukia yule mzee mpaka chakula kikakosa ladha. Lakini kuhama kanisa? Thubutu! Nilikaa benchi la pili kutoka mbele, nikingoja. Malipo ni hapa hapa duniani.

Yakaja. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha, kikamchukua mkono wa kulia na ulimi wote. Kufikia hapo mimi ndiye niliyeongoza kikundi cha kushuhudia. Nilikuwa nawafundisha wengine: aliyefiwa, lia naye kwanza; mkulima, shika jembe mlime pamoja; asiyesikia, tumia mikono. Nilisifiwa sana kwa hilo. Mchungaji akanituma nikamwone mzee, nilete habari kama yuko tayari kupelekewa meza ya Bwana nyumbani. Mkewe alisema hiyo tu ndiyo anayoililia.

Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza kumwambia afumbe macho mara moja kwa ndiyo. Nani anazijua njia hizo kunishinda? Nikainama, nikamfokea sikioni: "Ukifa leo, utaamkia wapi?"

Mdomo wake ukapinda upande. Machozi yakamtoka. Mkono wa kushoto ukapapasa mezani mpaka ukapata kikombe alichokuwa amewekewa, akanisukumia. Mkuki kwa nguruwe, nikajiambia, na ile chai sikuigusa.

Jumapili nikasimama. Mkewe alikuwa mbele, kitambaa kipya kichwani, akinitazama kwa matumaini.

"Tulimuuliza," nikasema. "Alicheka."

Alikufa kabla hajapelekewa meza. Tangu siku ile nimemwomba Mungu msamaha wa mambo mengi. Hilo bado sijalitaja.