Herufi Mbili Zilizofutwa Ukutani

Nilikuwa juu ya ngazi hapa Kibondo, naandika jina la saluni, jirani aliponiambia kwamba yule mzee wa duka la redio na ving'amuzi kule Kasulu amefariki. Nilishuka, nikafunika kopo la rangi. Wasomaji wanaopita Kasulu wanalikumbuka duka lake kwa maandishi ya ukutani: "Bidhaa ikishauzwa irudishwi." Wengi hucheka, wakidhani mwandishi hakumaliza shule. Mwandishi ni mimi, na ni kweli niliishia darasa la saba, lakini mwanzoni niliandika sawasawa: hairudishwi.

Siku moja nilikuwa pale napaka mlango, akaingia mwalimu wa kompyuta na king'amuzi alichonunua kwa mzee. Hakikuwa kibovu. Alisema programu iliyomo ndani ilitungwa na watu walioitoa bure kwa sharti moja: anayemkabidhi mwenzake chombo chenye programu hiyo ampe na maandishi ya programu yenyewe, yaani maelekezo yaliyoiunda, au amwonyeshe pa kuyapata, ili anayetaka ajifunze. Yeye alitaka wanafunzi wake wayasome, na ndani ya boksi hakukuta hata karatasi.

"Mwalimu, mimi nauza boksi," mzee alisema. "Ya ndani waulize wa kiwandani. Na ukutani umesoma."

"Wa kiwandani siwajui, mzee wangu. Aliyenikabidhi ni wewe, na sharti linamshika kila anayekabidhi. Mtu akikupa mbegu ya maharage, akakuomba ukimgawia mwingine umweleze inavyopandwa, nawe ukanyamaza, kosa ni la nani?"

Mzee alikigeuzageuza kile king'amuzi. "Kumbe nauza cha watu kinyume na walivyosema."

Akampigia muuzaji wa jumla Dar es Salaam, simu ikiwa kwenye spika. "Hajji, hilo nalo la kukusumbua?" yule alicheka. "Wewe uza."

"Basi siuzi mpaka uniletee hayo maandishi," mzee akajibu, akavishusha ving'amuzi vyote kutoka kwenye shelfu. Ilikuwa wakati ule antena za zamani zinaacha kushika picha na kila nyumba inatafuta king'amuzi, hivyo wateja walivuka barabara kwenda kwa mwenzake. Karibu mwezi mzima alikaa akiuza betri. Ndipo ikaja sidii yenye maandishi hayo kwenye bahasha. Mzee aliitia kwenye deki, akaongeza sauti, kimya.

"Mwalimu, wasanii wako wamegoma," alisema, na mwalimu alicheka mpaka akakalia katoni.

Tangu hapo kila aliyenunua king'amuzi alipewa nakala. Mama mmoja wa Titye aliitundika yake shambani kufukuzia ndege. Kisha mzee akaniambia, "Kijana, futa yale maneno." Mimi ni mzito wa kazi. Nilikuwa nimefuta "ha" tu mvua ikanyesha, na kesho yake akasema, "Acha hapo hapo. Mwenye shida ataelewa kwamba anaweza kurudi."

Baada ya maziko mwanawe aliniita dukani Kasulu, nije na kopo langu la rangi. "Kuna herufi mbili zimepotea pale, zirudishe. Watu wanatucheka." Mimi si msemaji, lakini nilimsimulia habari ya mwalimu mpaka mwisho. Vitu vya siku hizi vina mengi ndani tusiyoyaona, na kila muuzaji akinyoosha kidole kwa aliye mbali, mnunuzi hana wa kumuuliza. Mzee yule alikubali kuulizwa. Mwanawe aliutazama ukuta, akatabasamu.

"Basi funga kopo lako," akasema. "Tutachekwa."